Jiwe la makombe na visigino vya mama

Butimba, Jumanne usiku, Machi 1995

Hasira bado ninayo, na sina pa kuipeleka, maana mama mkwe hagombezwi.

Nimerudi kutoka chuoni nikamkuta uani anasugua visigino kwa jiwe langu. Jiwe la chokaa nililolibeba toka Tanga, lenye makombe ya baharini yaliyogeuka mawe! Na kesho ndiyo nafundisha miamba mashapo, ile ya tope na mchanga ulioganda. Mawe ya Mwanza yametokana na moto. Hata uyapasue yote, hukuti kombe.

"Shikamoo mama." Nikanyoosha mkono anipe jiwe.

"Marahaba mwanangu. Jiwe lenu hili linatoa magaga kwelikweli."

Nimelisuuza. Kumbe pale aliposugua, tope gumu limebanduka, yakajitokeza makombe mengine ambayo sikuwahi kuyaona, yamebanana kama watu kwenye mkeka.

Nikamweleza: viumbe wenye makombe haya waliishi chini ya bahari, tope likawafunika, tope likawa jiwe. Mama, aliyeanika dagaa Ukerewe maisha yake yote, akaligeuzageuza.

"Sasa huko chini walikuwa wanakula nini?"

Nimekuwa na wasiwasi mwaka huu. Wanachuo wangu wanawaza kazi kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Nani atajali makombe? Wao huniuliza kama kitu kitatoka kwenye mtihani. Walikula nini, hajawahi kuuliza mtu.

Kesho naanza na swali la mama. Nikiandika hivi hasira inapungua, najisikia mwepesi.

Jiwe nimelificha chini ya godoro.