Saa Ilisema Yuko Sawa, Nikamwambia Aendelee Kulima

Shangazi Ketrina, shikamoo. Nakuandikia kutoka Isansa, na naomba usinifiche ukweli hata kama utauma.

Mume wangu Hezron ana ugonjwa wa moyo, daktari alimruhusu kutembea na kufanya kazi nyepesi, ndipo mdogo wangu anayeuza simu Tunduma akamletea saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, tukaifurahia mno, maana kila tulipotembea kwenda kanisani namba zilipanda taratibu na kushuka taratibu, hadi nikaiamini kuliko macho yangu. Mwezi uliopita tulikuwa tunapalilia kahawa, akasimama, akaegemea jembe, akasema, "Mama Mercy, kifua kinanibana, ngoja nipumzike," nami nikamshika mkono, nikaona themanini na mbili, nikacheka, nikamwambia, "Acha uvivu, saa inasema mzima, maliza mstari huu mvua isitukute," naye akainama tena, na haikupita miche mitano akaanguka kifudifudi.

Jirani yetu Abrahamu alitukimbiza hospitali kwa pikapu yake, na njiani nilipomgusa shingoni moyo ulikuwa unakimbia ovyo, huku saa inasoma tisini tu. Mungu ni mwema, amepona, yuko nyumbani, hajanilaumu hata neno moja, ila siku hizi nikimwuliza anajisikiaje hanijibu, ananinyooshea tu mkono nisome saa. Shangazi, nimemuua mume wangu akiwa hai?

Mama Mercy, Isansa

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hujamuua mtu. Ulidanganywa na namba, na wengi tungedanganyika.

Saa hiyo humulika ngozi kwa taa ndogo na kuangalia damu inavyopita. Mtu akitembea kwa mwendo mmoja, mara nyingi inapatia. Akikaza mkono kwenye jembe, akinyanyua ndoo au akishika usukani wa baiskeli, kifundo cha mkono hupinda, misuli hukakamaa, saa hucheza, na namba inaweza kuwa mbali kabisa na ukweli, juu au chini; na moyo ukikimbia ovyo kama siku ile garini, pia hukosea. Tena hata ingepatia: moyo unaweza kuumwa huku ukipiga themanini. Saa hiyo haioni maumivu.

Ila nitakugombeza kidogo. Mtu mzima alikwambia kwa kinywa chake kwamba kifua kinabana, wewe ukaenda kuuliza mkono! Ndiyo maana sasa anakupa mkono. Amejifunza kwamba neno lake halina uzito kwako, na hilo ndilo la kutibu.

Mrudishe kliniki wiki hii, umweleze daktari yote, na jembe asiliguse mpaka aruhusiwe. Saa aivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, isilegee, na muiangalie akitembea tu. Mkitaka uhakika, akae atulie, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Kifua kikibana tena, msihesabu chochote: aache kazi, akae, mtafute gari, mwende hospitali.

Na leo jioni, kabla ya chakula, mwambie, "Baba Mercy, ulisema unaumwa nikakucheka, nisamehe." Usijitetee, usitaje saa. Kisha nyamaza, hata akichukua muda mrefu, mpaka azungumze yeye.