Lars wa Greis, na Shemeji Aliyeachwa Ormsö

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike huku Uswidi, Aprili ile ya baridi, na soksi zako za sufu miguuni.

Ulikuwa mtu mwema. Jirani akizeeka ulimpasulia kuni bila kuombwa, na mgonjwa hakukosa samaki wako wa kukaushwa kwa moshi. Mashua ulizounda bado zinaelea. Ukishakula ulijilaza kwenye benchi la jikoni, kofia usoni, ukijifanya husikii tukikuteta.

Uliipenda sana hadithi ya mwaka arobaini na nne, Waswidi wa Ormsö, kisiwa chetu kule Estonia, walipovushwa bahari kuikimbia vita. "Mama yenu aliumwa jino," ulituambia. "Kajifunga kitambaa shavuni toka gatini mpaka tunashuka, neno halimtoki. Sijapata tena raha kama ile." Tulicheka sisi. Mama hakucheka.

Mwezi uliopita, mwanao Anders alipokea barua uliyoandikiwa kutoka Ormsö.

"Shemeji Lars, hii ya tano. Uliniambia, Gertrud, wewe baki ukamue ng'ombe, meli ijayo ni yako. Nikabaki. Sasa nimeomba nije nife kati ya watu wangu, wamenijibu kwamba Gertrud wa Greis, mjane wa Tomas, yuko huko siku nyingi na kaolewa tena. Shemeji, huyo ni nani?"

Huyo ni Mama, Baba. Kwetu mtu huitwa kwa jina la shamba lake, na orodha ya meli iliandikwa shamba kwa shamba. Karani aliona mwanamke kasimama nawe chini ya jina la Greis, akapiga alama kwenye jina la Gertrud. Meli ilichukua Waswidi tu, na Mama ni Mwestonia, Kiswidi hakukijua, ndiyo maana ya kile kitambaa; huku ukamwoa kwa jina hilo hilo. Gertrud mwenyewe, mjane wa kaka yako, alikuwa zizini na ndoo.

Barua nne za kwanza tulizikuta kwenye sanduku la randa. Zote zimefunguliwa.

Mama alilia mpaka tukaogopa. "Aliniambia Gertrud mwenyewe kakataa," alisema. "Eti hawaachi ng'ombe wake, kanipa nafasi kwa moyo mweupe. Miaka yote hii namwombea kwa Mungu kumshukuru."

Tumekasirika, Baba. Umetudanganya sote, kila mtu kwa uongo wake, kisha ukatuchekesha.

Jumatatu Mama anakwenda ofisi ya uhamiaji kusema yeye ni nani, ili Gertrud apate kuja. Wanaweza kumnyang'anya karatasi zake. Amesema potelea mbali, ameshapiga pasi gauni.

Tunaokukumbuka ni wanao, Brita na Anders; shemeji yako Gertrud, ambaye bado yuko Ormsö; na mkeo, anayetia sahihi hapa kwa jina alilopewa na wazazi wake, Salme.

Hatutakusahau, Baba, hata siku tutakapotamani.