Nimejichoka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu hizi nakuandikia juu ya cherehani ya dada, maana ndipo mahali pekee humu nyumbani pasipo na nepi. Mgongo wako unaendeleaje? Na babu, je, bado anagombana na dawa zake? Mwambie mjukuu wake anamsalimu sana, na kwamba asizifiche chini ya godoro, tunamjua. Mimi sijambo, afya ninayo na masomo yanakwenda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu nayo, na sauti yake husikika hadi kwa jirani. Haya ni ya masikio yako peke yako. Naomba ukae chini kwanza. Nakutangulizia jambo moja ili usisome huku moyo unakwenda mbio: dada yu hai, mtoto yu hai, na wote wawili wamelala chumba cha pili.

Ulipoondoka kwenda kumuuguza babu uliacha nyumba yenye kelele. Unakumbuka shemeji alivyompachika mtoto jina la Mkaguzi, kwa jinsi anavyokunja uso na kututazama kama mtu aliyetumwa kukagua kazi akakuta hata haijaanza. Mtaa mzima ukalidaka jina hilo, na dada akawa Mama Mkaguzi. Siku ile alicheka mpaka akajishika mbavu. Baada ya hapo sikumsikia tena akicheka.

Wewe ndiye uliyemwita Chiriku tangu utotoni, kwa maneno yake yasiyokwisha. Alikuwa akizungumza na uzi, akiigombeza sindano, akiijibu redio. Basi Chiriku alinyamaza. Wala hakununa, mama. Kununa kwake tunakujua, hubamiza masufuria. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyetoka akaacha mlango wazi. Nikirudi kutoka shuleni namkuta palepale nilipomwacha asubuhi, chai yake imefanya utando, nywele hazijachanwa. Lakini mtoto amenyonya, amebadilishwa, ni msafi kuliko sisi sote. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyeona. Wageni walikuja wakambana mashavu, wakauliza kama Mkaguzi hajambo, kama analala, kama ananyonya, na dada akajibu hajambo, analala, ananyonya. Wakaenda zao wameridhika.

Hata kazi ilimkimbia. Mama wa duka la jirani alimpa blauzi ya sare ya binti yake. Dada akashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua, kisha akaushona tena palepale. Alipoufumua mara ya pili aliiweka blauzi mapajani na kuitazama kama maandishi ya lugha asiyoijua. Mama wa duka alipoifuata alisema, kwa ule utani wake wenye miba, kwamba uzazi si ugonjwa, bibie. Wao walijifungua asubuhi na jioni wakateka maji, lakini wa siku hizi mtoto mmoja tu wanatembea kama wamebeba nyumba. Dada akamwomba radhi. Siku zile alikuwa akiomba radhi kwa kila kitu. Nilimsikia akimwomba radhi hata mtoto.

Shemeji si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Kiwandani kwao mikate huokwa usiku, kwa hiyo mchana alikuwa mtu wa kulala. Aliona mkewe amepoa, akadhani anakukumbuka wewe. Akawa anamletea mikate mitamu, anamwambia apumzike, halafu anayepumzika ni yeye.

Ikafika Jumatano ambayo shemeji aliitwa kiwandani mchana. Tukiwa darasani nikaambiwa nahitajika getini. Mlinzi wetu tunamwita Simenti kwa kuwa uso wake haujawahi kulegea, na wachelewaji humwogopa kuliko mwalimu mkuu. Nilimkuta amemshika Mkaguzi mbele yake kwa mikono miwili, kama aliyekabidhiwa tikiti maji lenye ufa. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba dada yangu amepita, akamkabidhi mtoto na kusema apewe mdogo wake, yeye anamweza. Alidhani anakwenda dukani. Lakini alikuwa amevua shali yake akamfunika nayo mtoto, na mfuko wa nepi ulipangwa kama wa safari ndefu. Simenti akasema hakupenda namna alivyoaga.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anaingia wakati huo. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema twende. Na Simenti, ambaye hakuliacha lile geti hata siku upepo ulipoezua kibanda chake, akaliacha wazi na kutufuata, mtoto kifuani.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Simenti alinipa mtoto, akausukuma kwa bega mpaka komeo likang'oka. Sitakuandikia kila nilichokiona, mama. Inatosha ujue kwamba tulifika mapema. Dada alikuwa ameketi sakafuni kando ya cherehani, amejikunja, na hakushangaa kutuona. Mwalimu akapiga magoti, akamshika mikono, akamuuliza ana nini. Dada akasema neno moja. Mwalimu akamwambia pole, umechoka. Dada akatikisa kichwa, akalirudia polepole, na safari hii nikalisikia lote.

Hakusema nimechoka. Alisema nimejichoka.

Hiyo “ji” tumefundishwa darasani: humrudishia mtendaji tendo lake mwenyewe. Mtu hujiosha, hujipenda, hujisifu. Katika jaribio la somo hilo sikukosa hata swali moja. Sikujua kwamba inaweza kukaa mahali kama pale.

Ndipo nikaikumbuka simu yako ya Jumapili moja, wakati mtandao ulipokuwa unakatikakatika. Dada alikwambia neno, nawe ukamwambia pole mwanangu, ndiyo ulezi huo, kila mama huchoka, na kwamba wewe ulitulea sote bila kumsumbua mtu. Nilikuwa pembeni nakunja nepi. Mimi pia nilisikia nimechoka. Neno lile limezoeleka mno masikioni mwetu, mama, tukalijibu kabla halijaisha.

Mwalimu alitupeleka hospitali. Muuguzi aliyetupokea hakumuuliza dada lolote kuhusu mtoto. Alimwacha Mkaguzi kwa Simenti, akavuta pazia, akamuuliza dada kama yeye anakula, kama yeye analala mtoto akilala, kama kuna saa huona nyumba ingekuwa afadhali bila yeye. Kwa hilo la mwisho dada akajibu ndiyo. Kisha akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Muuguzi akatueleza kwamba huo ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, si uvivu wala kukosa shukrani, na una tiba ila hauna haraka.

Walimlaza kwa muda. Sasa yuko nyumbani, anakunywa dawa, na kila wiki huenda kuzungumza na mshauri. Hatumwachi peke yake. Shemeji alilia kwenye korido unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, kisha akaenda kuomba zamu ya mchana, na usiku ndiye anayeamka na mtoto. Mama wa duka huja asubuhi kuchukua nguo za kufua. Hajaomba radhi wala haulizi kitu. Anasema tu kwamba sabuni yake inatoa madoa kuliko ya kwetu.

Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Zipo siku anageukia ukuta na chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Lakini jana alimtazama shemeji akihangaika na nepi, akamwambia amemfunga mtoto kama mkate wa kupeleka sokoni. Shemeji akamwomba arudie. Hakurudia. Lakini sote wawili tulisikia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, na dada mwenyewe ameniruhusu. Siku ile nyuma ya pazia, nikiwa nimemshika mkono, alimwambia muuguzi kwamba aliwahi kuuona ugonjwa huu. Anakumbuka nilipozaliwa mimi. Anakumbuka wewe ukikaa nyuma ya nyumba umeelekea ukuta, mimi nalia ndani, naye, mtoto wa darasa la kwanza, akinibeba mgongoni huku miguu yangu ikimgonga mapaja. Anakumbuka bibi akiwarudisha wageni mlangoni kwa kusema una homa. Homa hiyo ilikaa msimu mzima wa mvua. Kisha siku moja uliamka ukashika ufagio, na hapakusemwa neno. Dada anasema aibu yake ilianzia hapo. Aliamini wewe uliishinda kwa kunyamaza, na yeye hata kunyamaza kumemshinda.

Sikulaumu, mama. Mtoto aliyekuwa akilia ndani ya nyumba ndiye huyu anayekuandikia, na amekua, na hana deni nawe. Ombi langu ni dogo. Utakapokuja, usianze na Mkaguzi. Najua atakukazia macho pale mlangoni akitaka abebwe kwanza. Mpite. Nenda kwa dada, mwite Chiriku. Na kama ile haikuwa homa, mwambie. Hata neno lile moja litatosha, ila litamke taratibu, asikie silabi zake zote.

Shemeji anakuamkia. Simenti naye, ambaye siku hizi hupita hapa akitoka kazini kwa kisingizio cha kukagua mlango aliouvunja, anasema mlango u salama. Mpe babu mkono wangu, nawe ujifunike vizuri, baridi ya huko naijua.

Ni mimi, kitindamimba wako.