Mwaliko Alioubonyeza Relja

Leskovac,
30 Septemba 2023

Mpendwa Shangazi Gordana,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini goti lako limepata nafuu, na Mjomba Zoran ameacha sigara kama alivyoahidi Pasaka. Huku tunaendelea vizuri. Baba sasa anatoka kitandani hadi dirishani bila kushikwa, ingawa maneno bado yanamtoka kwa tabu. Mama ananuka moshi mwili mzima, maana ni majira ya kupika ajvar, na uani kwetu tunachoma pilipili hoho za kuisaga kutwa. Mitungi yako ya ajvar tayari tumeiweka pembeni.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike. Juzi ulimpigia mama ukamlilia, ukasema nimemwaibisha mwanao mbele za watu. Mama alikusikiliza hadi mwisho, kisha akaingia chumbani akajifungia. Simu zangu mimi huzipokei. Basi soma barua pepe hii.

Unakumbuka ulivyomleta Relja kwetu baada ya vyuo vya Linz kumshinda. Tulimpa chumba changu, nikahamia sebuleni, na tukaandikishwa pamoja somo la Mifumo ya Taarifa katika Biashara. Profesa Vukica alituambia siku ya kwanza kwamba mfumo si kompyuta. Mfumo ni watu, kazi zao na mazoea yao, na mashine inaharakisha tu kile ulichokielewa au usichokielewa. Relja hakuyasikia hayo. Alikuwa anaangalia simu.

Mradi wetu ulikuwa kumtengenezea mtu halisi mfumo wa kuwahudumia wateja wake, na mtu huyo alikuwa gazda Tihomir, yaani bosi mwenye kiwanda cha ajvar na achari. Mwanafunzi bora angepata nafasi ya kazi pale kiwandani. Shangazi, hapa kwetu nafasi ya namna hiyo ni moja tu. Mwenye kuikosa anapanda basi la Austria kama mlivyopanda ninyi, na mimi siwezi kupanda basi nikamwacha baba na presha yake. Ulilijua hilo. Relja pia alilijua, kwa sababu nilimwambia mimi mwenyewe.

Siku baba alipoanguka tukamkimbiza hospitali, kompyuta yangu ikabaki wazi mezani. Mwanao hakuja hospitali. Alibaki nyumbani, akauchukua mradi wangu mzima, akaweka jina lake na kuupeleka chuoni. Nilipopeleka wangu, profesa akaona miradi miwili inayofanana, wa Relja ukiwa umetangulia. Mimi nikapewa tano, yaani nimefeli. Yeye akapewa kumi, na wewe ukawapigia simu ndugu wote kujisifu. Hata sisi ulitupigia.

Nilipomkabili alinijibu hivi, namnukuu: "Dada, si tunakaa nyumba moja? Chako changu. Usiwe na roho ndogo." Mama akanisihi nisipeleke aibu ya ukoo chuoni. Nikanyamaza. Lakini usidhani nilisamehe. Kiangazi chote nilimpikia, nikamfulia, na kila nilipomwekea sahani mezani nilimchukia upya.

Mapema mwezi huu akaja uani nikimenya pilipili. Alitakiwa kuuonyesha mradi mbele ya gazda Tihomir mwenyewe, na akataka kitu kipya cha kumvutia.

"Dada, nina wazo kali," akasema. "Mfumo uwaalike wateja kwenye slava ya kiwanda. Kila mtu apate ujumbe, athibitishe atakuja. Asiyejibu akumbushwe. Asiyejibu tena, kiti chake apewe mwingine. Unaweza?"

"Naweza," nikamwambia. "Una hakika ndivyo unavyotaka?"

"Wewe tengeneza tu. Mambo ya biashara niachie mimi."

Nikukumbushe, maana huenda huko Linz mmeshasahau. Slava ni siku ya mtakatifu wa nyumba, na kwenye slava haalikwi mtu. Anayekujali anaijua siku yako na anakuja mwenyewe. Kumwalika ni kumwambia kwamba humwamini. Ninyi mnakodi ukumbi na kugawa kadi, ndiyo maana mtoto wako hajui, na hakumuuliza mtu yeyote. Hata mama angemwambia, lau mwanao angeinua macho kutoka kwenye simu. Mimi nilijua, nikafunga mdomo, nikamtengenezea alichoomba, kwa maneno yake yaleyale. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Nilikuwa naimba.

Siku yenyewe nilikaa viti vya nyuma. Relja alivaa lile koti ulilomtumia. Alieleza mwaliko wake kwa madaha, kisha akasema ataonyesha unavyofanya kazi, akaingiza namba ya gazda kama ya mteja, akabonyeza kitufe. Simu ya gazda Tihomir ikalia mfukoni. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti darasa zima likisikia:

"Mheshimiwa Tihomir, unaalikwa kwenye slava ya kiwanda cha Tihomir. Thibitisha kabla ya Ijumaa, la sivyo kiti chako atapewa mwingine."

Watu waliangua kicheko hadi wengine wakalala juu ya meza. Gazda hakucheka.

"Kijana, mimi nithibitishe kuja kwangu? Na kiti changu utampa nani, wewe? Wateja wangu wamekuja kwangu bila kuitwa tangu enzi za marehemu baba. Hebu niambie, wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Gordana," akasema. "Gordana wa Linz."

"Aaa," akasema mzee, na akalirudia jina lako mara ya pili, taratibu, akikunja miwani. Nimeona nikufikishie.

Hapo mwanao akafanya kile ambacho sikukitegemea. Ili aibu imwondokee, akaninyooshea kidole. "Ni yeye! Dunja ndiye aliyeutengeneza!"

"Huo mwaliko?" akauliza Profesa Vukica.

"Yote, profesa! Mwaliko, wateja, kila kitu! Mimi sikuandika hata mstari mmoja!"

Nadhani alijisikia mwenyewe baada ya maneno kumtoka. Profesa akavuta kalamu, akafuta kumi yake tukimwangalia.

Gazda Tihomir akanigeukia. "Na wewe binti, hukujua kwamba kwenye slava haalikwi mtu?"

"Nilijua, gazda. Aliomba, nikampa."

Akairudisha miwani mfukoni. Kisha akasema, "Una roho ya paka wewe. Njoo kazini Jumatatu. Ila barua za wateja wangu hutaandika, utanifungia kiwanda."

Unasema nilipaswa kumwonya, kwa sababu ni damu yangu. Nami nilikuwa damu yake siku ile baba amelala sakafuni. Sijutii hata kidogo, Shangazi, na ukitaka nijute itabidi uningojee sana. Nilipomsimulia baba jinsi yule mzee alivyosoma mwaliko wake mwenyewe, alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akatamka "tena", na nikamsimulia tena. Ni kaka yako huyo. Tangu aanguke hatukuwahi kumsikia akicheka.

Nisalimie Mjomba Zoran, na Bibi Stojanka mwambie dawa yake ya mgongo imefika. Mama anakusalimu pia, ingawa hakuniambia nikusalimu.

Mungu akupe afya na subira, kwa maana utavihitaji. Jumatatu asubuhi mimi naingia kiwandani. Jumatatu hiyohiyo, saa ileile, Relja anapanda basi la Linz. Mitungi yako nimempakia yeye. Nenda ukampokee.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata hivyo,
Dunja