Ramadhan Hakuwa Amelewa

Mtaa wa Sogea,
S.L.P. 118,
Tunduma.
17 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Salum,

Assalaam alaikum. Salamu ni haki ya Mwislamu hata kwa ndugu aliyemuudhi, kwa hiyo nakusalimu. Hujambo? Shemeji yangu Bushra hajambo? Watoto wanaionaje baridi ya huko Yokohama? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenishikisha kalamu.

Nimeandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu umenikatia mara nne. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshauona mwandiko wangu na roho itakusuta.

Mvua zinanyesha vizuri tangu Novemba. Lile shamba tulilokodi Igamba, mahindi yamefika kifuani, ingawa mbolea tuliipata kwa taabu. Foleni ya malori mpakani juzi ilirudi nyuma mpaka kijiji cha Mpemba. Mke wangu Mariam mgongo unamsumbua, lakini anatembea na anagomba kama kawaida.

Sasa tuje kwenye lililonileta. Salum, una akili kweli? Nakuuliza kama kaka yako wa tumbo moja. Umewapigia mawakala wa magari wa Dar es Salaam, ukawapigia na wa hapa Tunduma, mmoja baada ya mwingine, ukawaambia kwamba Ramadhan aliliangusha gari lako pale Senjele kwa sababu alikuwa amelewa. Ramadhan huyu, mtoto wa dada yetu Mwajuma, ambaye hata soda asiyoijua anauliza kwanza ina nini ndani. Miaka saba anayaleta magari ya IT, haya yanayopita tu nchini, kutoka bandarini mpaka hapa, yavuke kwenda Zambia na Kongo, na hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Leo hakuna wakala anayemwamini na baiskeli.

Hoja yako naijua, maana umeirudia kwa kila mwenye masikio. Unasema lile gari la spoti ni la kisasa, lina chombo kinachozuia tairi kuserereka, kompyuta inamlinda dereva, kwa hiyo haliwezi kwenda mtaroni mpaka aliyeshika usukani awe mlevi. Hayo ni maneno ya mtu wa ofisini. Wewe mteremko wa Senjele umeupita mara ya mwisho mwaka 1998, na uliupita umelala.

Ngoja nikupe habari za mpwa wako, kwa kuwa hujauliza. Goti lake la kulia limefungwa vyuma. Ni mguu huo huo wa kukanyagia mafuta. Daktari wa Mbeya anasema mwezi wa tano anaweza kuacha magongo. Ayaache aende wapi? Ana mke na watoto wawili, na kazi anayoijua ni moja. Mwajuma naye, akiingia darsa la akina mama, wenzake wananyamaza mpaka apate pa kukaa. Ulimi hauna mfupa, Salum, lakini wako umevunja mifupa ya watu huku.

Hata yule Mzambia wa Ndola aliyekuwa analisubiri gari, mtu asiye ndugu, alikwenda mpaka hospitali Mbeya na mfuko wa machungwa. Akamwambia mgonjwa mulishani, yaani hujambo kwa Kibemba chao, akakaa naye saa nzima, na habari ya gari hakuigusa. Wewe mjomba wake hukupiga simu hata mara moja kuuliza mguu.

Mimi sikukaa bure. Nilimchukua fundi Mbonile, yule Mnyiha anayetengeneza umeme wa magari karibu na stendi, tukaenda Vwawa lilikohifadhiwa lile gari. Akachomeka mashine yake, akasoma, akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto, na mimi nina miaka ishirini na sita kwenye malori.

Kwenye lori langu kuna kebo. Mguu unakanyaga, kebo inavuta, injini inaitika pale pale. Lile gari lako halina kebo. Pedeli inapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua ifungue mafuta kiasi gani na saa ngapi, na turbo nayo ina muda wake wa kuamka. Ni kama kupeleka maombi kwa afisa. Unasubiri, unadhani yamepotea, unapeleka mengine, halafu yanajibiwa yote siku moja.

Na hilo ulilijua. Uliliendesha mwenyewe kwenye yadi ya huko kabla hujalipakia melini, ukanipigia unacheka, ukasema linanyamaza kwanza halafu linakubamiza kwenye kiti. Ulicheka, Salum. Lakini kumweleza mtu atakayeliendesha zaidi ya kilomita mia tisa kwenye mvua hukuona haja. Kitabu chake kilikuwa ndani, Kijapani kitupu. Ulitaka Ramadhan asome picha?

Haya. Nimekusema vya kutosha, na sasa nimefika mahali ambapo mkono unakuwa mzito. Endelea kusoma.

Siku ile ya ajali, saa nane mchana, Ramadhan alinipigia kutoka Mbalizi. Mvua ilikuwa inamwagika. Akaniambia kwamba akikanyaga mafuta gari linakabwa, halipandi, na kwamba kuna taa ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya gari linaloteleza, inachezacheza. Alitaka kujua afanye nini.

Unaijua desturi ya hapa. Gari likifika linaoshwa, mnunuzi anaingia, anawasha swichi, anatazama taa zinazobaki kwenye dashibodi kabla hajafungua hata boneti. Akiona taa inachezacheza anasema gari gonjwa, anashuka. Ndiyo maana sisi wote wa Tunduma tumekuwa madaktari wa taa. Huyu anachomoa fyuzi, yule anabandika selotepu nyeusi. Nami nilipoisikia hiyo taa nilimwona Mzambia akishuka. Sikuwaza barabara. Nikamuuliza Ramadhan kama kuna kitufe chenye picha ile ile. Akasema kipo. Nikamwambia akishikilie mpaka taa iache kucheza, ikibaki imetulia Mbonile atajua la kufanya nayo.

Akaniuliza, Mjomba, una uhakika? Nikamjibu kwamba nilianza kuendesha kabla mama yake hajaolewa.

Salum, ile taa haikuwa ugonjwa. Mbonile amenieleza mara mbili, na mara ya pili sikuweza kumtazama usoni. Kila ilipocheza, chombo kilikuwa kinafanya kazi yake, kinapunguza nguvu ya injini ili tairi za nyuma zisiserereke kwenye maji. Kule kukabwa alikokuwa anakuhisi ndiko kulikokuwa kunamfikisha nyumbani. Na kitufe kile ndicho cha kukizima chombo hicho. Mimi nikamwambia azime.

Pale Senjele alitoka nyuma ya lori ili alipite. Akakanyaga, gari kimya. Akakanyaga zaidi, kama ningefanya mimi, kama ungefanya wewe. Nguvu zote zikaja kwa mkupuo na hakuna kilichozizuia. Nyuma ya gari ikageuka ikataka kwenda mbele, likashuka mtaroni, likagonga kalavati. Kwa hiyo ni kweli unavyosema, chombo kilikuwepo. Kilikuwa kimezimwa kwa amri ya mjomba wake mkubwa, asiyejua kusema sijui.

Kama kuna aliyelewa siku ile ni mimi, nililewa ujuaji. Na hasira niliyonayo kwako, nusu yake ni yangu mwenyewe. Miezi miwili na nusu nimekaa nikikulaumu wewe kwa sababu ni rahisi kumlaumu aliye mbali. Polisi walimhoji Ramadhan, hakunitaja. Ukamwita mlevi nchi nzima, hakunitaja. Kila nikienda kumwona ananiuliza habari za mgongo wa Mariam.

Mficha uchi hazai. Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa dada Mwajuma, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchambua. Akasema, "Sufiani, mbona nilijua?" Ramadhan alimwambia siku ya kwanza kule hospitali, na akamwapisha asinionyeshe kwamba anajua, nisije nikaona aibu kuingia nyumbani kwao. Miezi yote hiyo dada ananipakulia wali, ananiongezea mchuzi, ananiuliza kama nimeshiba, na anajua.

Nilitoka bila kuaga. Nilitembea mpaka karibu na mpaka nikasimama kati ya malori kama mtu aliyepotelewa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Usinipigie kunitukana, na usinipigie kunipoza. Wapigie mawakala wale wale, kwa mpangilio ule ule uliowapigia kwanza. Waambie Ramadhan alikuwa mzima wa akili, alifanya alichoagizwa, na aliyemwagiza ni mimi. Waambie pia kwamba wewe ulijua tabia ya gari lile ukanyamaza. Hilo la pili litakuuma. Likuume. Habari za hasara ya gari tutazungumza mimi na wewe, yeye mwache nje.

Wasipokusadiki, piga picha karatasi hizi uwatumie. Nami nimeandika nakala yake, na Jumatatu asubuhi naipeleka kijiweni kwa madereva nikaisome kwa sauti. Watanicheka, maana hakuna aliyewakaripia madereva vijana pale kuliko mimi. Ramadhan hajui kama nimeandika. Angejua angekuja na magongo yake kunizuia.

Msalimie sana Bushra na watoto. Mariam anakusalimu, na amesema nikuandikie kwamba amekasirika kuliko mimi, kwako na kwangu pia. Dada Mwajuma anakusalimu na anakuombea dua. Mama huko Singida hajaambiwa lolote zaidi ya kwamba mjukuu wake aliumia, na tumwache hivyo. Mungu akulinde ugenini, akujaalie moyo wa kurudisha ulichomnyang'anya mpwa wako. Mimi, kurudisha kwangu ndiko nakuanza sasa.

Nimeandika majina yangu yote matatu hapa chini, ili mawakala wasije wakasema ni Sufiani mwingine.

Kaka yako, anayekupenda hata leo,

Sufiani Issa Ntandu,
niliyemwambia azime.