Sauti ya Benchi la Mbele

Jumapili, Kianjokoma

Hakuna mchungaji wa Kilutheri mlima huu mzima mwenye sauti kama yangu. Nikiimba liturgia hapa, ng'ombe wa kule Muthara wanaacha kula.

Leo ilikuwa ibada yangu ya kwanza tangu tumzike mke wangu, Mama Kendi. Nilisimama madhabahuni, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikaangalia benchi lake la mbele. Tupu.

"Pole, Mchungaji," mzee wa kanisa akaninong'onezea. "Huzuni imekukaba koo."

"Ni baridi tu, mzee."

Tukasoma liturgia kama gazeti.

Huzuni iko, tena nyingi. Lakini pia mimi sijui kuanza wimbo. Miaka yote ni Mama Kendi alikuwa ananigunia sauti ya kwanza, polepole, kwa pua, halafu mimi nafuata.