Mgonjwa Niliyemwandikia Kisukari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa katika jalada. Kazini huitwa Kimya.
Umri: miaka 18
Kazi: karani msaidizi, chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, hospitali
Makazi: kwa shangazi yake, nyuma ya kituo cha mafuta
Yamechukuliwa: tarehe 14 Agosti, saa 4:10 asubuhi

Nilimaliza shule mwaka jana na nina miezi mitano kazini. Kazi yangu ni kusoma faili la mgonjwa aliyeruhusiwa au aliyetoka kliniki na kuingiza namba kwenye kompyuta. Kila ugonjwa una namba yake. Kutumia dawa kwa muda mrefu nako kuna namba yake. Anayemeza vidonge vya kisukari huandikiwa namba mbili, ya ugonjwa na ya vidonge. Ya vidonge haisimami peke yake, kompyuta huikataa.

Mnamo tarehe 6 Juni nilipokea faili la bibi wa miaka 71, aliyeletwa amezimia kwa kushuka sukari. Muuguzi wa mapokezi aliandika: "Anatumia vidonge vya kisukari, kwa maelezo ya mkwe." Nilipekua kurasa zote. Hapakuwa na daktari aliyempima kisukari wala aliyemwanzishia vidonge. Kompyuta ikakataa.

Nilimuuliza msimamizi wetu, mama mmoja mcheshi. Akasema, "Mwanangu, anayemeza vidonge vya sukari anaumwa nini, surua? Weka kisukari, faili lifungwe." Tulicheka. Utaratibu ni kumpelekea daktari karatasi ya kuuliza. Sikuipeleka, kwa sababu niliona haya kuingia chumba cha madaktari. Niliweka namba ya kisukari.

Mnamo tarehe 11 Julai bibi aliletwa tena, vilevile. Daktari alikuwa mwingine. Aliandika: "Mgonjwa wa kisukari anayejulikana. Apunguze vidonge, kimoja kwa siku." Nilitafuta alikolitoa neno "anayejulikana". Alilitoa kwenye muhtasari wa kompyuta, kwenye namba yangu. Tangu siku hiyo bibi akawa anapewa vidonge na hospitali yenyewe.

Safari hiyo niliangalia pia jina la mkwe aliyemleta. Ni mume wa binti yake. Alinifundisha hisabati miaka miwili.

Mnamo tarehe 4 Agosti nilipata faili la kliniki la mwalimu mwenyewe. Yeye ana kisukari kweli, na vidonge vyake ni vile vikali vinavyoshusha sukari haraka. Huvichukua kila mwezi bila kukosa. Lakini tangu Mei sukari yake inapanda tu. Daktari wake aliandika: "Anasema anameza kila siku. Sielewi." Nilikaa na faili lile mpaka wenzangu wakaenda kula.

Mnamo tarehe 12 Agosti bibi aliletwa mara ya tatu, nililiona jina lake kwenye orodha ya waliolazwa. Jana, tarehe 13, saa saba na nusu mchana, nilikwenda wodini. Sijawahi kwenda wodini kwa hiari yangu.

Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea sindano nyingine?"

"Hapana, bibi. Mimi ni wa makaratasi."

"Afadhali. Makaratasi hayachomi."

Nilimuuliza kisukari kilimwanza lini. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Chai yangu natia vijiko vitatu, na hakuna aliyewahi kunikataza."

"Na vidonge, bibi?"

"Vile vya mifupa? Macho yangu hayasomi tena, mkwe wangu ndiye ananipa kila asubuhi kwa mkono wake. Hatoki mpaka nimeze. Ananijali kuliko hata binti yangu."

Mwalimu aliingia akiwa na chupa ya chai. Akasema, "Aa, mwanafunzi wangu! Siku hizi umekuwa daktari?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unamuuliza nini mama?"

Nilisema uongo. Nilisema namuuliza umri wake.

"Umri uko kwenye faili, ukurasa wa kwanza," alisema, akitabasamu. "Ulikuwa mtoto makini darasani. Usianze kukosea sasa." Kisha akaniuliza siku hizi kazini tunatoka saa ngapi. Nilimjibu, kwa sababu ni mwalimu wangu.

Nilimweleza msimamizi. Hakucheka. "Nani kakutuma wodini? Sisi hatutibu, tunaandika. Na hiyo namba ina jina lako, si langu." Saa tisa niliandika karatasi ya kuuliza na kuiweka kwenye trei ya daktari. Alikuwa ameshaondoka.

Saa kumi na nusu mwalimu alikuwa amesimama getini. Tulitembea naye mpaka kona ya duka la dawa. Hakunigusa wala hakunitisha. Aliniuliza nakaa na nani. Niliongeza mwendo. Akasema, "Kwa shangazi yako bado, sivyo?" Kisha akasema kesho mama anaruhusiwa.

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda wodini moja kwa moja. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Muuguzi akasema, "Kaondoka saa moja. Mkwe wake kamfuata mapema, wakwe kama yule ni wa kutafuta kwa tochi." Karatasi ya kuruhusiwa inasema aendelee na vidonge. Ile niliyoandika mimi ilikuwa bado kwenye trei, haijaguswa. Sikurudi ofisini. Nilikuja hapa kituo cha polisi kwa miguu.

Afisa ameniuliza kwa nini mwalimu ampe bibi vidonge vyake mwenyewe. Sijui. Ninachojua ni kwamba mkewe yuko safarini kikazi hadi mwisho wa mwezi, na bibi yuko naye peke yake nyumbani.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, na nimesomewa. Afisa aliniambia naweza kuondoa sehemu ya namba ya kisukari kwa kuwa inaweza kuniharibia kazi. Nimeomba ibaki.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Yamekamilika saa 5:02. Shahidi ametaja namba za mafaili mawili. Hakubeba faili lolote. Saa 5:04 nimempigia simu mkwe. Amepokea mwenyewe. Amesema mama amelala, na kwamba amejaribu kumwamsha anywe chai ila haamki, bora aachwe apumzike. Nimeita gari la wagonjwa. Askari wawili wametoka saa 5:06.